Sufuria Yenye Mkono

Hajji Siraje anaondoka Doha Jumapili, anarudi kwao Mbale kabisa, na juzi alinialika chakula cha mchana mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye mkahawa mdogo ambao mpishi wake ni Mganda. Yeye aliagiza matoke na mchuzi wa karanga, mimi nikaagiza ugali na sukuma. Ugali ulipofika akautazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Nekesa," akasema, "hebu kawaulize jikoni kama huu wameupikia kwenye stiil pan." Aki Hajji! Nilicheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka kuona ni mama gani huyu mzima anayefuta machozi kwa karatasi ya mezani. Hajji ana mvi kichwa kizima sasa na magoti yamemgomea. Mwenyewe husema amewapeleka watu wa mji huu kila mahali isipokuwa Peponi, na huko wataenda na dereva mwingine. Mimi nami si yule msichana aliyekuwa akimpigia kelele asubuhi apunguze redio. Utani ule tumebaki nao sisi wawili katika mji huu wote, na yeye akipanda ndege nitabaki nao peke yangu. Ndiyo maana nimeona niuandike mwaka ulipozaliwa utani huo kabla haujanitoroka.

Jinsi nilivyofika sitasimulia, wala niliacha nani nyumbani. Kila mmoja wetu hapa ana hadithi hiyo, na ukizisikiliza utadhani tuliambizana. Nitaanzia kwenye nyumba ya mtaa wa Muaither, pembeni mwa mji, nyumba ya chini yenye ukuta mrefu na uwanja wa vigae katikati, ambayo upande mmoja ilipakana na majirani na upande wa kaskazini ilipakana na mchanga mtupu. Leo ukienda huko utakuta majumba na taa hadi upofuke. Wakati ule usiku ulikuwa bado usiku. Mwenye nyumba alikuwa Mholanzi mrefu aitwaye Wim, ambaye sote tulimwita Mista Wim, mtu wa kazi za gesi huko kaskazini. Asubuhi alikula mkate aliomwagia chembechembe za chokoleti, mtu mzima na ndevu zake, nikawa nageuka upande ili asione ninavyobana kicheko. Hajji alikuwa dereva wake. Mimi nililetwa nimtunze mama yake, ambaye alikuwa amepigwa na kiharusi kwao, na mwanawe akaenda akamchukua mwishoni mwa Februari. Kwa lugha yao bibi ni "oma". Nilipomwambia rafiki yangu kwenye simu kwamba kutwa nzima niko na Oma, akauliza kwa huruma, "Pole dada, umemeza dawa lakini?" Alidhani nina homa.

Oma alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mweupe pe, mwenye macho ya samawati yasiyokosa kitu. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, mkono na mguu. Na maneno yalimpotea. Mista Wim alinieleza kwamba zamani mama yake alizungumza Kiingereza kizuri tu, lakini kiharusi kilikifuta chote na Kiholanzi kikabaki vipandevipande, "ndiyo" na "hapana" na majina machache ambayo nayo aliyachanganya. Tulielewana kwa chakula. Siku moja, kwa kukosa la kupika, nilimpondea viazi nikachanganya na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, chakula ambacho sisi Wabukusu huwacheka nacho Wakikuyu. Oma alipotia kijiko cha kwanza mdomoni alifumba macho, machozi yakamshuka. Kumbe ni chakula cha kwao hasa, cha majira ya baridi! Tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Nikichelewa kutoka dukani, Hajji alinikuta mlangoni na kuniambia, "Kimbia, bibi yako anakutafuta kwa macho."

Sasa, kila jioni palikuwa na jambo. Magharibi ikiingia, nilikuwa nikizunguka nyumba kufunga mapazia, maana ndivyo nilivyofundishwa, kwamba taa za ndani zikiwaka mtu wa nje asikuone. Nikifika kwenye dirisha la Oma, lile linalotazama mchangani, alianza kuhangaika. Aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akasema neno moja, akalirudia, kila mara kwa nguvu zaidi: "Steelpan. Steelpan." Kwa kinywa chake lilitoka kama "steil pan", lakini mimi nimesoma shule, bwana, nikajua hiyo ni lafudhi tu ya wazungu wa huko na kwamba Kiingereza kilikuwa kinaanza kumrudia. Nilifurahi! Stiil si ni chuma, kile cheupe kisichoshika kutu? Na pan ni pan. Bibi anataka sufuria ya chuma. Nikavuta pazia vizuri, nikaenda jikoni kuileta.

Nilimletea ya kwanza akatikisa kichwa. Nikamletea kubwa zaidi, akatikisa. Mista Wim alikuwa akitoka alfajiri na kurudi Oma akiwa amelala, kwa hiyo nilimwachia ujumbe, kwa Kiingereza changu kilichonyooka: mama anaomba stiil pan. Ijumaa akatoka mwenyewe madukani akarudi na sufuria mpya ya chuma, inayong'aa kama kioo, yenye mkono mrefu, ile ambayo sisi huita sosipani. Akamwekea mapajani. Oma aliitazama, akamtazama mwanawe, akageuza uso ukutani. Mbele ya mwanawe hakujaribu kusema kabisa. Nadhani aliona haya, kama mzazi yeyote angeona haya mtoto wake amsikie akibabaika. Lakini jioni, pazia mkononi mwangu, neno likarudi vilevile. Mista Wim akanunua nyingine, nzito zaidi. Hiyo Oma aliisukuma ikaanguka sakafuni kwa kishindo, akalia kwa sauti, nami nikachuchumaa pale nikilia pamoja naye kwa sababu sikujua nimnyime nini au nimpe nini. Usilolijua ni usiku wa giza, na giza lile nilikuwa nalifunga mwenyewe kila jioni kwa pazia.

Kisha nikasikia la simu. Nyumba ile ilikuwa na sakafu tupu na sauti zilisafiri. Mimi nikipiga nguo pasi chumba cha nyuma, Mista Wim alikuwa sebuleni akizungumza kwa Kiingereza na mtu wa makao ya wazee huko kwao. Alisema sauti ikiwa chini sana. Alisema akili ya mama imekwenda, kutwa anaomba sufuria na akipewa anaitupa, na kwamba alikuwa amemleta Doha ili aishi naye lakini haina maana mtu kuishi na mwanawe ikiwa hamjui. Aliomba chumba. Alisema kabla ya joto la kiangazi atakuwa amempeleka. Nilizima pasi. Mimi kazi yangu ingekwisha, hilo nalijua, na niliogopa, sisemi uongo. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba Oma alimjua mwanawe sana! Gari likiingia getini usiku alifumbua macho, akatabasamu gizani, akalala tena. Angepelekwa kwenye nyumba ya watu asiowajua akiwa na akili yake timamu, na asingeweza kusema hata neno la kukataa. Nilimwambia Hajji kesho yake tukinywa chai ya karak nje ya geti. Akakuna kidevu. "Sasa wewe utamwambia nini tajiri? Kwamba mama yake ana akili, na sufuria ni za nini basi?"

Aprili, Alhamisi moja, kiyoyozi kilikufa. Fundi alisema atakuja kesho, inshallah, na sote tunajua uzito wa inshallah ya fundi. Kufikia magharibi nyumba ilikuwa tanuri. Hajji alikuwa ameleta vitu vya jikoni, nikamwomba anisaidie, tukamweka Oma kwenye kiti chake cha magurudumu tukamsukuma hadi uwanjani, penye upepo. Nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi. Anga lilikuwa jeusi juu ya ule mchanga na nyota zimetoka tele. Oma akainua kichwa. Nikasikia pumzi yake inakatika, nikadhani kiharusi kimerudi, kumbe anacheka. Mkono wa kushoto ukapanda juu, kidole kimenyooka, akapaza sauti mpaka paka akaruka ukutani: "Steelpan! Steelpan!"

Nilitazama kule juu. Sikuona sufuria. Kwangu mimi nyota zenye jina ni Kilimia tu, zile za kuwaambia watu washike majembe walime. Nyingine zote ni taa za Mungu. Nikajisemea, basi, Mista Wim alikuwa sahihi, bibi wa watu ameanza kuona sufuria mbinguni. Lakini Hajji alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akafuata kile kidole kwa jicho moja, taratibu, na uso ukambadilika. "Nekesa," akanong'ona, "unajua anaonyesha nini? Zile saba. Mzee wa Kikatari niliyekuwa namwendesha kabla ya hapa alinifundisha, anaziita Banati Na'ashi. Mabinti wa jeneza. Zile nne ni jeneza lenyewe, na zile tatu nyuma ni mabinti wanaomsindikiza maiti. Anaonyesha jeneza. Inna lillahi. Huyu mama anaaga." Jamani! Oma anacheka, kidole kiko kwenye jeneza, Hajji anasoma dua, na mimi nimeshika boksi. Nikampigia Mista Wim simu kazini, kitu ambacho sikuwahi kuthubutu. Nikamwambia, "Njoo, tafadhali njoo sasa hivi, mama anaonyesha jeneza lake."

Siku hiyo alikuwa amekwenda na gari la kazini, na sijui aliliendeshaje. Alipoingia aliacha mlango wa gari wazi, akaja akapiga magoti mbele ya kiti, uso umemsawijika. "Mama?" Oma akamshika kidevu kwa ule mkono mzima, akamwinua uso kama unavyomwinua mtoto umpanguse makamasi, akamwonyesha juu. "Steelpan," akasema, taratibu sasa, kwa kuwa hatimaye alikuwa amefika kwa mtu anayehusika. Mista Wim alitazama angani. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Nekesa, neno alilokuwa akisema kila jioni, ni hili?"

"Ndilo hilo. Stiil pan."

"Si stiil," akasema. "Steel." Akalitamka kama mama yake. Akakaa chini kwenye vigae na nguo zake za kazi, akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipotutazama nikaona ni vyote viwili.

Ndipo alipotueleza, na nilimwelewa neno kwa neno, kwa sababu kuna maelezo mtu huyasubiri bila kujua. Kwao, chuma ni "staal". Steel ni kitu kingine kabisa. Steel ni mpini wa ufagio, ni kikonyo cha ua, ni mkono wa sufuria. Steelpan ni sufuria yenye mkono, basi, na ndivyo watu wa kwao wanavyoziita zile nyota saba: nne ni sufuria na tatu ni mkono wake. Vitabuni zinaitwa Dubu Mkubwa, akasema, lakini nani aliwahi kumwona dubu pale? Wakulima wa zamani waliona mkokoteni. Hajji akauliza aliyesema sufuria kwanza alikuwa nani. Mista Wim akasema hilo hakuna ajuaye, lakini mama yake alikuwa na jibu lake: ni mama fulani aliyesimama mlangoni pa jiko akiwaita watoto waje kula. Mista Wim mwenyewe utotoni aliitwa kula hivyo. Katika majira kama haya sufuria huwa imepinduka juu kabisa angani, na Oma alikuwa akitoka mlangoni akimwambia, ingia ndani, tazama, chakula kimekwisha pakuliwa. Hapo Oma, aliyekuwa akisikiliza kila kitu, akageuza kiganja chake kikatazama chini, kama anayemimina.

Mista Wim akanyanyua kidole aonyeshe nyota ya kaskazini, ambayo mtu huipata kwa kufuata ukingo wa sufuria. Akakosea. Oma akampiga kofi la mkono, kofi la haki la mama, akakishika kidole chake, akakivuta kutoka ukingoni hadi kwenye nyota yenyewe, akakiacha pale. Kisha akamtazama kama kusema, miaka yote niliyokusomesha. Hajji akasema kwa Kiswahili, "Huyu ndiye hana akili?" Tiketi ya kumrudisha Oma kwao ilifutwa usiku uleule. Nilimsikia Mista Wim sebuleni akizungumza na dada yake, safari hii kwa Kiholanzi, sikuelewa hata kimoja isipokuwa neno moja lililorudiwa mara nyingi, na kila likirudiwa anacheka upya.

Tangu hapo pazia la dirisha lile halikufungwa. Majirani na waone wanachokiona. Jioni Mista Wim alianza kurudi mapema, na mimi nikawa na lugha mpya. Nilimwambia Oma ukweli, kwamba sufuria za kwetu hazina mkono, zina ukingo tu na unazishika kwa kitambaa, na kwamba ukisonga ugali kwenye sosipani, mkono ule utakuchoma mbavu. Alipenda sana kunitazama nikisonga ugali kwenye ile inayong'aa na kulaani. Nikawa namfundisha maneno, nikigusa kitu na kukitaja. Niligusa mkono wa sosipani nikasema, "Mkono. Steel ni mkono." Akafikiri. Akaunyanyua mkono wake, akauangalia, maana nilikuwa nimeshamfundisha kuwa na huo ni mkono. Akaniwekea kiganjani, akasema kwa uhakika, "Steel." Nilijaribu kumrekebisha, nikashindwa kwa kucheka, na mwisho nikaona kosa hilo nimelileta mimi na lugha yangu, basi likae. Likakaa. Akiamka na ndoto mbaya aliita, "Steel," nami nikampa mkono wangu. Akitaka kuinuliwa ni steel. Akitaka tu nikae karibu, ni steel.

Novemba ilipofika nyota zile zilizama. Kwao hazizami mwaka mzima, Mista Wim alisema, zinazunguka tu juu ya mapaa, na Oma alitazama ile kaskazini tupu kwa hofu, kama aliyeibiwa. Nikaenda jikoni, nikachukua sosipani, nikaisimamisha dirishani. Alicheka mpaka akakohoa. Ikakaa pale hadi zile za juu zilipoanza kupanda tena Februari, zimesimama juu ya mkono wao. Na wiki chache baadaye kiharusi cha pili kikaja.

Hospitalini alikuwa hasemi tena, na daktari alikuwa ametueleza yote. Tulikaa naye mimi na mwanawe, mmoja huku, mmoja huku. Jioni alifumbua macho. Midomo ikahangaika, ikahangaika, na neno likatoka jembamba sana. "Steel." Mista Wim akaruka, akaenda kufungua pazia, akalivuta lote hadi ukutani. Nje palikuwa na maegesho ya magari na ukuta wa jengo lingine. Akaanza kulia pale dirishani kwamba hakuna nyota, hata moja. Nikamwambia, "Hapana, Mista Wim. Rudi. Anataka mkono." Akanitazama bila kuelewa, yeye mwenye lugha. "Steel ni mkono," nikasema. "Nilimfundisha vibaya. Mpe mkono wako." Alirudi akampa. Oma akaufunga kwa vidole vyake vya kushoto na akatulia. Mimi nikazunguka kitanda, nikachukua ule wa kulia, uliokuwa haujui kitu tangu nimfahamu, nikaushika hadi mwisho.

Nimetunza wengi baada yake, na kazi hii imenilisha na kunisomesha, nashukuru. Namshukuru Mungu kwa kiyoyozi kilichokufa, kwa Mkatari wa Hajji na jeneza lake, kwa Kiingereza changu cha kujifanya najua. Kama mmoja wetu angepatia mapema, huenda tusingetoka nje jioni ile. Sosipani ninayo mpaka leo, na bado inanichoma mbavu. Juzi, baada ya chakula, nilimsindikiza Hajji hadi kwenye teksi. Aliingia kwa shida, goti moja, kisha la pili, akafunga mlango, akateremsha kioo. "Haya, mwana wetu," akasema. "Haya, Hajji," nikasema. Gari likanguruma. Nikainama dirishani nikamwambia, "Steel."

Akautoa mkono nje, tukashikana, na dereva, Mnepali kijana ambaye hakuelewa lolote, akazima gari akangoja.